Mistari Miwili Niliyoiruka

Usiku ule ulikuwa wa kutengenezwa. Nje ilikuwa saa nane mchana na jua la Dar es Salaam halina mzaha, lakini vijana wa seti walikuwa wamepigilia vitambaa vyeusi kwenye madirisha yote ya chumba, wakawasha taa moja ya mezani, na mwongozaji akatangaza kwamba sasa ni usiku wa manane na mimi nimekwisha kufa.

Nilikuwa nacheza maiti. Katika tamthilia ile mimi ni mama mkwe, na ni mama mkwe mbaya kweli. Muuza nyanya wangu aliwahi kuninyima nyanya nzuri kwa sababu ya jambo nililomtendea mkwe wangu kwenye runinga jana yake. Sasa waandishi walikuwa wameamua nife, watazamaji wapumue. Nikapakwa poda ya rangi ya majivu, nikatiwa pamba puani, nikalazwa kitandani na kufunikwa shuka jeupe hadi kidevuni. Hakuna kazi nyepesi kama ya maiti. Nilipokuwa mwanamitindo niliambiwa nitembee kama sina mifupa. Nilipoanza kuigiza niliambiwa nilie bila kuharibu wanja. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa nilale tu.

Kabla hatujaanza, jenereta likazima. Mwongozaji akasonya, fundi akaitwa, waombolezaji wa kuigiza wakaenda kunywa chai sebuleni. Dada wa vipodozi akaniinamia sikioni.

"Mama, usiamke tafadhali, poda itaharibika. Jilalie tu hapo hapo."

Nikajilalia, na hasira yangu kifuani. Ngoja niieleze hasira yenyewe, maana bila hiyo ndoto haitaeleweka.

Mbali na kuigiza, mimi huimba. Si taarabu wala dansi. Huimba jazi ya kale ya Wamarekani weusi, zile nyimbo za polepole ambazo wageni wa hoteli huzisikiliza huku wakikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila Ijumaa jioni, niliimba katika hoteli moja ya mjini na Mwalimu Anselmi akanipigia piano. Jumapili asubuhi alikuwa mpiga kinanda wa kanisani. Ijumaa alikuwa wangu. Msinielewe vibaya. Alikuwa na mke wake, Mama Tekla, mama mpole aliyenialika chakula kila Pasaka na kunijazia sahani bila kuuliza. Anselmi hakuwa bwana wangu. Alikuwa kitu kingine ambacho sikuwahi kukitafutia jina, mpaka alipofariki mwaka jana nikaona kwamba jina nalihitaji na sina.

Jumamosi ya wiki ile alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki. Hoteli iliandaa jioni ya kumkumbuka: Tekla, binti yake aliyesomea muziki, apige piano ya baba yake, na mimi niimbe ule wimbo wetu. Kila aliyewahi kukaa pale Ijumaa anaujua. Mwanamke anamuaga bwana wake mlangoni asubuhi ya mvua. Bwana anarudi, koti limelowa, mwanamke anampokea kofia na kumwekea chakula. Basi. Wimbo mdogo, lakini watu walikuwa wakiuagiza hata kabla hawajaagiza chakula, na mimi niliweza kuuimba hata nikiwa na homa.

Jumanne tukafanya mazoezi. Tukafika kwenye kuagana, nikaingia kwenye kurudi, na piano ikanyamaza.

"Shangazi," Tekla akasema, "umeruka mistari miwili."

"Sijaruka kitu."

Akaniletea karatasi. Ilikuwa ya baba yake, imekunjika pembe zote na ina alama ya kikombe. Kati ya kuaga na kurudi palikuwa na mistari miwili ambayo sijapata kuisikia maishani mwangu: mwanamke amekaa peke yake, mvua imekatika, anangoja, na bado bwana hajaja. Mistari hiyo ilikuwa imekatwa kwa penseli. Pembeni, kwa mwandiko mdogo wa Anselmi, paliandikwa: Salome haimbi hapa.

Salome ni mimi.

Nilijua papo hapo kosa lilikotoka. Mama yangu alikuwa mpishi nyumbani kwa daktari mmoja mgeni, na daktari alipohama alituachia gramafoni na santuri saba. Ile yenye wimbo ule ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ikifika hapo inaruka, kama mbuzi anavyoruka mtaro, inatua mbele na kuendelea. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nitajuaje kwamba wimbo una pengo? Nikaukariri na mkwaruzo wake, nikakua nao.

Lakini kukosea hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni jambo jingine, na ni la aibu kidogo. Siku ya kwanza nilipoimba mbele ya Anselmi, vidole vyake viliteleza. Mtu aliyepiga kinanda tangu akiwa seminari, akateleza! Na mimi wakati huo ndiye msichana wa kalenda ya kiwanda cha khanga. Picha yangu ilibandikwa katika saluni na maduka ya mafundi cherehani mji mzima. Nikajua sababu ni moja tu. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye harusi na kwenye mahojiano ya redio, jinsi uzuri wangu ulivyomtoa Mwalimu kwenye noti, naye Anselmi akiwa pembeni anamenya karanga na kutabasamu. Niliisimulia hata msibani kwake, watu wakacheka na kufuta machozi. Kumbe aliteleza kwa sababu niliruka mistari miwili bila taarifa, ikabidi aruke kunifuata. Na akaendelea kuruka nyuma yangu kila Ijumaa, miaka yote hiyo, asiseme neno.

Nikajiona kichekesho. Nikamwambia Tekla maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia kwamba baba yake alikuwa akinicheka kimoyomoyo, na kwamba kwa Jumamosi atafute mwimbaji anayejua kuhesabu. Binti wa watu akakusanya karatasi zake taratibu.

"Sawa, Shangazi," akasema.

Mtoto huyo nimemshika mkono akijifunza kutembea. Ile "sawa" yake ilinichoma kuliko kama angenitukana. Ikapita Jumatano, ikaingia Alhamisi, sijampigia simu.

Hivyo ndivyo nilivyolala siku ile ya Alhamisi, maiti mwenye kinyongo. Kutoka sebuleni nilisikia waombolezaji wakipiga soga, vijiko vyao vikigonga vikombe. Vijiko vikaendelea kugonga, vikawa vingi. Nikafikiri, hivi vijiko navijua. Nikafumbua macho, na lile shuka lilikuwa kitambaa cha meza, na mimi nimekaa hotelini kwetu, na viti vyote vimepinduliwa juu ya meza kama wanavyofanya wakipiga deki asubuhi.

Anselmi yuko kwenye piano.

Amevaa koti lake la kahawia, lile ambalo mkewe aliligawa baada ya mazishi. Linamkaa vizuri kuliko zamani. Anamenya karanga, na maganda anayatia mfukoni kwa sababu hakuwahi kuchafua sakafu ya mtu, kisha anajifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, kabla ya kugusa piano. Siogopi. Najua kwamba amekufa, naye anajua kwamba najua, na hakuna kati yetu anayelitaja, maana haingekuwa adabu.

"Kalenda," ananiita.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniita hivyo. Nataka kuitika, mdomo umeshafunguka, ndipo namkumbuka bibi yangu. Bibi alitufundisha kwamba marehemu akikuita ndotoni usiitike, na akikupa chakula usile, ama sivyo mtafuatana. Nauma ulimi. Anselmi ananinyooshea kiganja chenye karanga tano, zimemenywa hadi ngozi ile nyekundu. Natikisa kichwa.

"Samahani, Mwalimu. Bibi alinikataza."

Kusema si kuitika, najitetea moyoni. Anselmi anacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika.

"Bibi yako yuko huku," anasema. "Bado ana masharti."

Anazila mwenyewe, moja moja. Nataka kumwuliza bibi anaendeleaje na goti lake, lakini tayari nimesimama, tayari natembea. Zulia la hoteli limekuwa mbao. Niko kwenye jukwaa la maonyesho la kile kiwanda, nina miaka kumi na tisa, nimevaa khanga mpya inayonuka wanga, na viatu vya kuazima ambavyo nimevijaza magazeti kwenye vidole ili visinivuke. Taa zinaniwakia usoni. Siku ile ya kweli Anselmi hakuwepo, tulikuwa hatujafahamiana. Leo yupo, mstari wa mbele, na piano imekuwa ndogo kama sinia, ameipakata mapajani. Anapiga, na mimi nakanyaga kila pigo lake.

Katikati ya jukwaa pana pengo. Ubao mmoja haupo. Akili yangu haikuwa na habari lakini miguu inalijua, inavuka bila mimi kutazama chini, na yeye kule chini anavuka pamoja nami, mkono wake wa kulia unaruka, unatua niliko. Hakuna aliyeona. Watu wanapiga makofi, mtu mmoja anapiga mluzi. Nafika mwisho wa jukwaa, nasimama mkono kiunoni kama nilivyofundishwa, na hapo ndipo hasira yangu ya Jumanne inaponirudia nzima nzima.

"Ulijua," namwambia kutoka juu. "Miaka yote ulijua, ukaniacha nijisifu mbele za watu. Wala hukuteleza kwa ajili yangu."

Anselmi anafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, ilikuwa inanikera sana alipokuwa hai.

"Niliteleza kwa ajili ya mistari," anasema. Kisha, akiangalia vidole vyake: "Ila kalenda nilikuwa nimekwisha kuiona."

Nampenda kwa jibu hilo. Naliandika wazi, mkewe akisoma asome, yeye ndiye atakayenielewa kuliko wote. Nampenda yule mzee pale alipo, na koti lake na maganda mfukoni. Nashuka jukwaani ili nimfikie, navua viatu vya watu, na mguu wangu wa kwanza unakanyaga sakafu ya baridi ya jiko.

Ni jiko la nyumba ya daktari. Mama yangu, naye ni marehemu sasa, amenipa mgongo, anakata vitunguu. Hageuki. Gramafoni iko juu ya meza karibu na chungio, santuri inazunguka, na yule mwimbaji wa utotoni mwangu anaimba kwa lugha ambayo bado siijui. Wimbo unafika mlangoni, asubuhi ya mvua. Anaaga. Najua kinachokuja, nakaza mabega kama mtu anayeona glasi inaanguka. Ndipo Anselmi anainama, anaishika sindano kwa vidole viwili, na sindano hairuki.

Santuri inaendelea kuzunguka. Hakuna maneno. Mahali pale nilipoparuka maisha yangu yote hapana sauti ya mwimbaji, pana mvua juu ya bati, halafu mvua inakatika, halafu pana mtu anayepumua tu. Nasikiliza. Muda ni mrefu kuliko nilivyodhani. Kwa mara ya kwanza ndani ya wimbo ule bwana ameondoka na hajarudi.

Nalia. Nalia kwa sauti, kwa mdomo wazi, vile ambavyo sikulia msibani, maana msibani nilikuwa na watu wa kuwapokea na watu waliotaka kupiga picha nami. Mwaka mzima nilikuwa nimetoka kwenye kuaga nikaingia moja kwa moja kwenye kazi, tamthilia, redio, tabasamu. Nilimzika na nikaruka.

"Kwa nini hukuniambia?" namwuliza.

"Ulivyouimba wewe," anasema, "hakuna aliyechelewa kurudi. Niliupenda hivyo."

Kisu cha mama kinaendelea kugonga ubao. Harufu ya vitunguu inanifikia, na najifanya kwamba ndiyo inayoniliza. Anselmi hajaiachia sindano. Kucha zake amezikata fupi, kama kila Alhamisi alivyozikata kwa ajili ya Ijumaa.

"Sasa hapo unaporuka," anasema, "niachie mimi."

Bibi alinifundisha la kufanya marehemu akiita, na la kufanya akinipa. La kufanya akiomba hakunifundisha. Naangalia mgongo wa mama, hausemi kitu. Namwangalia Anselmi, na naona kwamba nikimkatalia hatakasirika. Atatabasamu tu, atajifuta vidole, na ataendelea kuruka nyuma yangu huko huko aliko, bila kupumzika.

"Chukua," namwambia.

Anapumua kama mtu aliyetua mzigo.

"Na mwambie Tekla," anasema, "akifika hapo asikimbie. Yule anakimbia."

Nataka kumwambia anisubiri, nina maneno mengine, lakini vidole vyake vinaiachia sindano taratibu, na jiko linajaa kelele za wanawake wanaolia, na mmoja wao anapiga yowe kuliko wote.

"Jamani, maiti analia! Maiti analia huyu!"

Nilifumbua macho. Jenereta lilikuwa limewaka. Mwongozaji, akidhani ninaigiza vizuri mno, alikuwa ameanza kurekodi bila kuniamsha. Kamera ilikuwa juu ya uso wangu, na machozi yalikuwa yamechora mifereji miwili kwenye poda ya majivu. Waombolezaji walikuwa wamerudi nyuma hadi ukutani. Yule aliyepiga yowe alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine chini ya kitanda changu.

"Kata! Kata!" mwongozaji akapaza sauti. "Mama, wewe umekufa! Umekufa tangu asubuhi!"

"Najua, mwanangu. Nisamehe," nikasema, nikaketi. Pamba moja ikanidondoka puani. "Naombeni simu yangu."

Wakaniletea haraka, nadhani kwa woga. Nikapiga nikiwa bado kitandani, shuka limenizunguka kiunoni, na chumba kizima kimenikodolea macho. Tekla akapokea karibu na mwisho wa mlio.

"Shikamoo, Shangazi." Sauti ilikuwa na heshima yote na haina joto hata kidogo.

"Marahaba. Tekla, nisamehe. Nilikuwa na kiburi, nikakupakulia wewe. Baba yako hakunicheka hata siku moja."

"Sawa, Shangazi."

"Bado. Ameniambia nikupe ujumbe. Ukifika kwenye ile mistari miwili, usikimbie. Anasema unakimbia."

Kisha nikasikia sauti ya kifuniko cha piano kikifungwa, taratibu sana.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Si nimekwambia? Baba yako."

"Alikuwa anagonga penseli ukingoni mwa kinanda," Tekla akasema, na sauti yake ilianza kupinda. "Usikimbie, Tekla. Usikimbie. Nikiwa darasa la tatu, kanisani, milango imefungwa, mimi na yeye tu. Hukuwepo, Shangazi. Hata mama hakuwepo."

Akalia. Nilikuwa na maneno mengi ya kumtuliza, mimi ni mwigizaji, maneno sikosi. Nikayaacha. Nikashika simu tu nikamsikiliza hadi alipopenga kamasi na kucheka kidogo kwa aibu.

"Kwa hiyo Jumamosi utaimba?"

"Nitaimba."

"Na ile mistari? Nikutumie maneno uyakariri? Siku mbili zinatosha."

"Hapana. Pale utapiga peke yako, polepole. Nimeshaahidi."

Kijana mmoja wa seti alikuwa amebandua kitambaa cheusi kwenye dirisha moja ili tupate hewa, na mchana ukaingia hadi miguuni pangu. Tekla alikuwa anahesabu kitu kwa sauti ya chini, mapigo, nadhani.

"Ni muda mrefu huo, Shangazi, umesimama mbele ya watu umenyamaza. Sasa wewe hapo utakuwa unafanya nini?"

"Nitamngoja," nikasema.